Wamezamia pamoja kwa mtungi wa hewa, mmoja kapooza mwingine mzima. Kwanini?

#1 Mkwe wa Wete
Habarini wakuu. Mie si mtu wa bahari, nimeoa tu huku Pemba, lakini kuna jambo limetuingia nyumbani na nataka wanaojua wanisaidie. Shemeji zangu wawili, ndugu tumbo moja, wanazamia jongoo bahari kwa mtungi, mwaka wa sita huu. Siku nane zilizopita walitoka boti moja, mwamba mmoja, mitungi imejazwa na kompresa moja, walishuka pamoja na walipanda pamoja. Mkubwa karudi kala kalala. Mdogo, boti iko njiani kurudi, kaanza kusema miguu inakufa ganzi, kufika pwani hawezi kushuka kabebwa mgongoni. Mpaka leo miguu haina nguvu na haja ndogo haitoki bila mpira. Hospitali ya kwanza walimtibu malaria, ya pili wakasema kiharusi. Mama mkwe anasema mwamba ule una wenyewe, wamemtaka mmoja wamemwacha mmoja. Mie nauliza hivi, kama ni hewa ya mtungi, mbona mmoja tu? Hewa ni ile ile, bahari ni ile ile.

#2 Ng'onda
Pole sana kaka. Huyo kapigwa na gesi. Huku kwetu wapo wengi wanaotembea na fimbo, ukiuliza wote walikuwa wanazamia jongoo au kamba koche.

#3 daiva_wa_kusi
Pole Mkwe wa Wete. Nafundisha kuzamia mwaka wa kumi na moja sasa, ngoja nieleze taratibu.

Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni nitrojeni, karibu asilimia 78, juu ya nchi haitudhuru wala haitusaidii. Ukishuka mita 10 presha inakuwa mara mbili ya juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne, na mtungi unakupa hewa kwa presha ya pale ulipo. Kwa hiyo nitrojeni inajipenyeza kwenye damu, mafuta, maungio, uti wa mgongo, na kadiri unavyokaa ndivyo inavyozidi kujaa. Ukipanda polepole inatoka kwa njia ya mapafu kama ilivyoingia. Ukipanda haraka, au ukiwa umekaa sana, inageuka mapovu humo humo ndani. Povu likikaa begani unaumwa bega. Likikaa kwenye uti wa mgongo miguu inakwenda, na haja ndogo inafunga. Hivyo ulivyoeleza ndivyo ilivyo.

Lakini nina maswali: walizama mara ngapi siku ile? Kina gani? Walipanda vipi? Ganzi ilianza dakika ngapi baada ya kutoka majini?

#4 Bi Mwani
Mie namuelewa mama mkwe. Kaka yangu alizamia mwamba mmoja miaka hajapata hata kuumwa kichwa, siku alipopiga kelele na kutukana pale juu ya mwamba ndo siku aliyorudi hana mkono. Mkono mmoja tu umekufa. Wazee wakaja wakasoma, baada ya miezi mkono ukarudi nusu. Sisemi gesi haipo, nasema wazee walijua bahari kabla ya mtungi, na mtu akija kwako na maradhi usianze kwa kuwacheka wazee wake.

#5 daiva_wa_kusi
Bi Mwani hakuna anayecheka bi. Mkono mmoja pia unatokea, na kurudi nusu baada ya miezi pia kunatokea. Ila mgonjwa wa Mkwe wa Wete bado yuko siku ya nane, muda ni mali kwake.

#6 Mkwe wa Wete
Nimemuuliza mkubwa. Mitungi minne siku hiyo kila mtu. Kina wao wanahesabu kwa pima, anasema pima kumi na tano mpaka kumi na saba. Katikati ya mtungi na mtungi wanapumzika muda wa kunywa maji na kubadili mtungi, wanashuka tena. Kupanda wanapanda "kawaida". Ganzi ilianza kama nusu saa baada ya mtungi wa mwisho.

#7 Mwalimu wa Fizikia
Basi hapa kuna kitu hakikai sawa. Kina cha 17 ni kifupi tu. Kwenye jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, wanalofundishia wanaoanza, mita 18 unaruhusiwa dakika 56 kwa mzamo wa kwanza, na mtungi wenyewe kwa kazi ile hauwezi kukufikisha dakika 56. Kwa hiyo mimi naona si nitrojeni, tafuteni sababu nyingine, daktari wa kiharusi anaweza kuwa sahihi.

#8 Nahodha Mstaafu
Mwalimu wangu, pima si mita. Pima ni mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, ndo tunavyopimia kamba ya nanga toka enzi. Ni kama mita moja na themanini hivi. Pima kumi na saba hapo mtu yuko mita 30 na zaidi.

#9 Mwalimu wa Fizikia
Subhanallah. Nahodha ahsante, nimekosea na ni kosa la kuua mtu hilo. Naomba nihesabu upya.

Tuchukue mtungi wa lita 12 umejazwa kwa presha ya baa 200, yaani mara 200 ya juu ya nchi, hiyo ni lita 2400 za hewa. Juu ya nchi mtu anayefanya kazi anatumia lita 20 kwa dakika, ungedumu saa mbili. Mita 30 presha ni mara nne, anatumia lita 80, mtungi unakwisha dakika 30. Jedwali lile lile kwa mita 30 linatoa dakika 20 tu, na hiyo ni kwa mzamo wa kwanza ukiwa huna nitrojeni mwilini. Wa pili unapunguziwa, wa tatu unapunguziwa zaidi. Hawa wamezama minne karibu bila kupumzika, kila mmoja mpaka hewa inakaribia kwisha. Kwa hesabu hii wote wawili walipaswa kuumia, sasa swali la mwenye uzi ndo linakuwa gumu zaidi, mkubwa aliponaje?

#10 muuguzi_zamu
Kabla hamjaendelea na hesabu. Mkwe wa Wete soma hapa tafadhali.

Mgonjwa apewe oksijeni tupu kwa barakoa inayobana vizuri, sio ule mpira wa puani. Apewe maji, kama hawezi kunywa basi dripu. Alazwe chali. Waambie madaktari neno kwa neno: "alikuwa anazamia kwa mtungi, mita 30, mara nne siku moja, ganzi imeanza nusu saa baadae". Wengi hatukufundishwa haya chuoni, mie mwenyewe niliyajua baada ya kupokea wagonjwa wawili wodini, tukawatibu vitu vingine kabisa, na mmoja ndo hajatembea tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tiba yenyewe ni chemba ya presha, wanamrudishia presha humo ndani na oksijeni halafu wanaishusha kidogo kidogo kwa masaa. Nazozijua mimi kwa mwambao huu ni ile ya Matemwe Unguja na ya jeshi la majini Mombasa, lakini daktari apige simu kwanza ajue kama inafanya kazi siku hiyo, msimbebe mkafika mlango umefungwa. Siku nane ni nyingi ila wapo waliopata nafuu wakiwa wamechelewa, kwahiyo msikate tamaa. Na akisafirishwa, boti ni bora kuliko ndege. Kama ni lazima ndege basi iruke chini, isizidi mita 300, maana ukienda juu presha inapungua na mapovu yanakua.

#11 Mkwe wa Wete
Ahsante sana dada. Nimeandika yote kwenye karatasi, naenda hospitali sasa hivi.

#12 pumzi_moja
Ndo maana sisi tunaozama kwa pumzi hatuna shida hizi. Miwani, mapezi, mkuki, basi. Nafika pima kumi napiga chewa narudi juu. Mtungi ni tamaa. Kasa na pomboo wanazama maisha yao yote mbona hawapoozi?

#13 daiva_wa_kusi
Umri wako wote hujapata, sawa, lakini usiseme haiwezekani. Wazamia lulu wa visiwa vya Tuamotu kule Pasifiki wanazama kwa pumzi tu, mara nyingi sana kwa siku na mapumziko mafupi, na wana jina lao la ugonjwa huu, taravana. Wanapata kizunguzungu, kupooza, wengine wanafariki. Nitrojeni ya pumzi moja ni kidogo lakini ukizama mara arobaini bila kupumzika inajikusanya. Na kasa aliyenaswa kwenye nyavu za kina akavutwa juu haraka, madaktari wa wanyama wamewakuta na mapovu kwenye damu.

#14 pumzi_moja
Hilo la kasa sikulijua. Mie kupumzika huwa sipumziki, kaskazi ikishika maji yakiwa meupe nazama asubuhi mpaka adhuhuri. Nitaangalia.

#15 Mvuvi wa Vanga
Niaje wazee, nyinyi mnaongea juu ya kina lakini hakuna ametaja kompresa. Mimi nimefanya hii kazi upande wa Kenya, kompresa tulikuwa tunafunga nyuma ya boti, injini yake inatoa moshi hapo hapo na bomba la kuvuta hewa liko mkono mmoja kutoka kwa ekzosi. Upepo ukigeuka moshi wote unaingia kwa mtungi. Siku moja nilivuta hewa inanuka mafuta, nikaona vidoadoa, kichwa kikawa kama kinapasuliwa, nikapanda. Mwenzangu hakupanda. Tulimtoa akiwa hajijui na hakuamka. Tajiri mwenye boti alituambia ni moyo, akaagiza mwingine kesho yake. Mimi nasema muangalie hewa kwanza.

#16 daiva_wa_kusi
Pole sana ndugu yangu kwa mwenzio. Moshi ni hatari kweli na kwa kina ni hatari mara nyingi zaidi. Lakini moshi unapiga kichwa: kichefuchefu, usingizi, kuzimia. Huyu kichwa kizima, anaongea, miguu ndo imekwenda. Halafu mwenye uzi kasema kompresa moja kwa wote.

#17 Mvuvi wa Vanga
Kompresa moja si hewa moja. Mitungi inajazwa mmoja baada ya mwingine. Mtungi wa kwanza upepo uko huku, wa tano upepo uko kule. Umewahi kuona tukijaza?

#18 daiva_wa_kusi
Hapo umenishinda, hilo ni kweli. Sijawahi kukaa kwenye boti hizo.

#19 Mwanafunzi wa Tiba
Naongeza sababu ambayo haijatajwa. Mtoto akiwa tumboni moyo una tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu, kwa sababu bado hatumii mapafu. Akizaliwa linajifunga. Lakini karibu mtu mmoja kati ya wanne halifungi kabisa, na anaishi bila kujua maana halimsumbui. Kwa mzamiaji ndo balaa: mapovu madogo yanayorudi na damu chafu kwa kawaida huchujwa na mapafu, ila kama tundu lipo yanaruka upande wa pili na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo na uti wa mgongo. Watu wawili wakazama sawasawa, mwenye tundu akaumia, mwenzie akasalimika. Ndugu tumbo moja si lazima wote wawe nalo.

#20 Ng'onda
Hii nayo mpya. Kwahiyo mama mkwe anasema wamechagua mmoja, na daktari anasema moyo umechagua mmoja.

#21 Nahodha Mstaafu
Mie naangalia kazi. Wawili wakizama pamoja hawafanyi kazi sawa. Kuna anayeshika mfuko na kuna anayeokota. Mwenye mfuko anahema sana, na mkondo ukiwa mkali wakati wa bamvuo, maji yakijaa na kutoka kwa nguvu, anapambana nao peke yake. Mdogo ndo hupewa mfuko siku zote, ndo adabu yetu. Halafu kutoka majini ni mdogo huyo huyo anayevuta nanga na kupandisha mitungi. Maji mafu mtu anazama kwa raha, bamvuo unazama unapigana. Mkwe ulizia ilikuwa mwezi gani na nani alishika mfuko.

#22 muuguzi_zamu
Nahodha umesema jambo kubwa. Kazi nzito chini inaongeza nitrojeni, na kuvuta nanga mara tu baada ya kutoka kunaamsha mapovu. Na maji mwilini pia, wengi wanazama tangu alfajiri hawajanywa kitu mpaka mchana.

#23 Mwalimu wa Fizikia
Juu ya "mbona mmoja" kuna jambo nimelikumbuka. J. S. Haldane, mwanasayansi wa Uskoti aliyetengeneza majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo mwaka 1908, majaribio yake aliyafanya kwa mbuzi. Aliwafungia kwenye chemba, presha moja, muda mmoja, akaifungua. Kuna mbuzi waliinua mguu kwa maumivu, kuna waliopooza, na kuna waliotoka wanatembea kama kawaida. Mbuzi wa chemba moja! Hata mbuzi yule yule siku moja anaumia siku nyingine haumii. Jedwali linakupunguzia hatari tu, halikupi dhamana.

#24 Bi Mwani
Kwahiyo na wazungu nao hawajui kwanini mmoja.

#25 Mwalimu wa Fizikia
Wanajua mengi yanayoongeza hatari, bi. Lakini kwa mtu mmoja, siku moja, nani ataumia, hawawezi kukuambia kabla.

#26 msomaji_tu
Nimesoma tu sijawahi kuzama. Bi Mwani, kuna watu wa pwani ya Honduras na Nikaragua, Wamiskito, wanazamia kamba koche kwa mtungi na mamia wamepooza. Wazee wao wanasema ni Liwa Mairin, mwanamke wa majini mwenye vile viumbe, anawaadhibu wanaovua kupita kiasi. Kesi yao ya kudai haki ilifika mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na mwaka 2021 mahakama ikaamua serikali ya Honduras iliwajibika kwa kuacha makampuni yawazamishe watu bila vifaa wala matibabu. Hao wanaheshimu mwenye bahari na wakadai haki yao vile vile.

#27 Bi Mwani
Ahsante mwanangu. Hayo ndo maneno.

#28 Mvuvi wa Vanga
Tajiri wetu angesikia hiyo ya Honduras.

#29 pauni_mweupe
Swali langu mimi ni jingine, wanafuata nini mita 30? Babu zetu jongoo waliokota kwa mguu maji yakitoka. Aina ile inayoitwa jongoo mchanga ilikuwa kwenye majani pale, unajaza ndoo na watoto wako. Wakaisha. Tukaenda na miwani, wakaisha. Sasa aliyebaki wa maana ni pauni mweupe na spinyo mama huko chini kwenye miteremko, na huko hufiki bila mtungi. Mtungi haukuletwa na tamaa kama alivyosema pumzi_moja, umeletwa na uhaba. Na jongoo si samaki wa kuhama, dume anamwaga mbegu majini jike anamwaga mayai, wakikaa mbalimbali havikutani. Mwamba ukishaokotwa unakaa miaka na miaka mtupu.

#30 pumzi_moja
Nimekosea kusema tamaa, nisamehe. Ila wapo matajiri wenye tamaa na hao hawazami.

#31 Kijana wa Kilwa
Ndo maana huku bara serikali ilifunga uvuvi wa jongoo. Zanzibar mmeacha wazi kwa leseni, matokeo ndo haya, mnaokota na vya kwetu mnavuka navyo.

#32 pauni_mweupe
Umeanza mdogo wangu. Kufunga kwa karatasi na kufunga kwa kweli ni vitu viwili, mmefunga na wanavuliwa usiku, na mzamo wa usiku wa kujificha ndo unaua zaidi maana mtu akiumia hasemi hospitali. Pauni wamewekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mkutano wa 2019, biashara yao ya nje inahitaji kibali cha kuonyesha hawamalizwi. Nataka hilo lifuatwe kwa kweli, pande zote.

#33 Kijana wa Kilwa
Hapo tuko pamoja kaka. Mie pia jongoo namtaka abaki, mchanga unaopita tumboni mwake unatoka safi, na pale walipoisha kwetu mchanga wa chini umekuwa na utando.

#34 Bi Mwani
Pweza tumeweza. Kisiwa Panza wanafunga mwamba wa pweza miezi kadhaa kisha wanafungua, pweza anakua haraka mno, umri wake wote kama mwaka tu, ukimsubiri anarudi mzito. Sijui kwa jongoo, yeye ni mzito wa kukua.

#35 daiva_wa_kusi
Turudi kwa mgonjwa. Kuna jambo lazima niliseme. Mimi na hao shemeji tunazama bahari moja, pengine mwamba mmoja. Mimi mkononi nina kompyuta ya kuzamia, inanihesabia kina, muda, inalia nikipanda zaidi ya mita 9 kwa dakika, inanisimamisha mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Boti yangu ina oksijeni. Wageni ninaowazamisha wanashuka mara mbili kwa siku kutazama samaki. Yeye anashuka mara nne kufanya kazi ya jasho, hana hata saa. Nimewapita mara nyingi huko chini, tunapungiana mikono. Sijawahi kupanda boti lao kuwauliza wanazama vipi. Ningeweza.

#36 Ng'onda
Wazee huku mtu akipigwa wanamvika mtungi wanamshusha tena mpaka ganzi iishe, halafu anapandishwa polepole. Nimeona kwa macho yangu mtu alishuka anaburuzwa akapanda anatembea. Mnasemaje?

#37 muuguzi_zamu
Usifanye. Ukimshusha na mtungi wa hewa unamuongezea nitrojeni nyingine juu ya ile, mapovu yanabanwa kwa muda anajiona kapona, akipanda yanarudi na ndugu zake. Na mtu asiye na miguu akizimia huko chini atakunywa maji.

#38 Nahodha Mstaafu
Dada yangu mie nimeshaona waliopona na nimeshaona waliozikwa, siwezi kusema uongo upande wowote. Lakini pale chemba iko siku nzima ya safari na hela ya boti haipo, utamwambia nini mama yake?

#39 daiva_wa_kusi
Waaustralia wana utaratibu wao wa kumrudisha mtu majini, lakini ni mita 9 tu, kwa oksijeni tupu si hewa, barakoa ya uso mzima ili akizimia asizame, na mtu wa kumshika muda wote. Ukiondoa hata kimoja ni kitu kingine kabisa. Pesa ya kumshusha tena itumike kununua mtungi wa oksijeni ukae botini, huo ungesaidia zaidi.

#40 Nahodha Mstaafu
Oksijeni botini nakubali. Ningekuwa bado na chombo ningeweka.

#41 Mkwe wa Wete
Wakuu nimerudi. Karatasi ya dada muuguzi nilimpa daktari wa zamu, kijana mmoja msikivu sana, kasoma akakaa kimya, akaenda akarudi na barakoa ya oksijeni. Amezungumza na watu wa chemba kwa simu, kesho tunavuka kwa boti inshallah. Usiku huu mgonjwa kasema anahisi shuka kwenye unyayo wa kushoto. Kidole gumba kimetikisika, mama yake kakishuhudia.

Nahodha, ilikuwa bamvuo la mwezi mpevu na mfuko alishika mdogo. Nanga pia kavuta mdogo. Mwanafunzi wa Tiba, moyo wake haujapimwa, daktari kasema ni jambo la baadae. Mvuvi wa Vanga, nimeuliza kompresa, mkubwa anasema "inanuka kidogo kama siku zote". Bi Mwani, mama mkwe kasoma kisomo chake na daktari hakumzuia.

#42 muuguzi_zamu
Alhamdulillah. Oksijeni isikatike njiani, hesabuni mitungi ya kutosha safari yote na ziada.

#43 Bi Mwani
Mungu amrudishe kwa miguu yake.

#44 Mkwe wa Wete
Amin. Kuna jingine sikuandika. Nimekaa na mkubwa usiku kucha pale wodini, tukaongea. Kaniambia siku ile ile na yeye bega la kulia lilimuuma tangu botini, halijalala siku mbili, na vidole vinamfanya kama vinachomwa sindano mpaka sasa. Hakumwambia mtu kwa sababu mdogo ndo alikuwa anabebwa, akaona haya kulalamika bega.

#45 Mwalimu wa Fizikia
Basi hakuna aliyesalimika. Swali letu lote tulilijenga juu ya mtu mzima ambaye si mzima.

#46 Mwanafunzi wa Tiba
Haliondoi swali mwalimu, kwanini kwake bega na kwa mdogo uti wa mgongo. Ila Mkwe, mpeleke na yeye kesho kwenye boti hiyo hiyo.

#47 daiva_wa_kusi
Na asizame. Hata pima mbili, hata kwa dakika tano, mpaka aonwe. Mwambie leo hii.

#48 Mkwe wa Wete
Nimempigia baada ya swala ya alfajiri, kapokea mkewe. Anasema simu ameiacha nyumbani asiingize maji, boti imetoka saa kumi na moja.

#49 Nahodha Mstaafu
Boti ya nani, na bandari ipi? Niandikie pembeni sasa hivi, nina watu wa ngalawa upande huo.